Kushuti mji wa zamani Japani mvua ikinyesha, ushauri wa mtu wa Tukuyu

Kwanza usiahirishe. Wengi wakiona mvua wanarudi gesti kulala wakisubiri jua, halafu jua likitoka mtaa mzima umejaa watalii na video yako inafanana na ya kila mtu. Mi nimekulia Tukuyu, milimani mkoa wa Mbeya, huku ukisema usubiri mvua ikatike ndo ushuti harusi basi kuanzia Machi mpaka Mei hupati hela, kwa hiyo nilivyofika Japani mwezi wa sita, msimu wao wa mvua wanauita tsuyu, nilijiona niko nyumbani kabisa, kasoro migomba tu.

Niliushuti mji unaitwa Tsumago, uko milimani mkoa wa Nagano. Zamani ulikuwa kituo cha 42 kati ya vituo 69 kwenye njia ya kutoka Edo, ndo Tokyo ya leo, mpaka Kyoto. Nyumba za mbao bado zipo kwa sababu wenyeji walikubaliana hawauzi, hawapangishi, hawabomoi, na nyaya za umeme wamezificha, mchana magari hayapiti mtaa mkuu. Yaani hukwepi nguzo wala bodaboda, raha we acha.

Sasa mvua yenyewe. Kosa kubwa ni kujaza anga kwenye frem. Anga la mvua ni jeupe, linaunguza picha na matone yanapotelea humo humo. Mvua inaonekana pale nyuma yake pana giza, na mwanga unatokea ng'ambo ya matone, siyo mgongoni kwako. So tafuta ukuta wa mbao nyeusi au mlango wenye kivuli, shusha kamera mpaka magotini, ile njia ikilowa inakuwa kioo na inakuongezea taa ya bure. Kama una filta ya polaraiza itoe, inaua huo mng'ao.

Shata, yaani muda ambao kamera inaingiza mwanga kwa kila frem: ukishuti frem 24 au 25 kwa sekunde tumezoea 1/50 ya sekunde, matone yanavutika kama nyuzi. Ukitaka yaonekane moja moja, mchana panda 1/250 au zaidi. Fokasi weka manyuo, yaani uizungushe mwenyewe kwa mkono, otomatiki inahangaika na tone la karibu badala ya nyumba.

Jioni kuna mtego. Taa nyingi zinapepesa kufuata hezi za umeme, jicho halioni ila kamera inaona. Umeme wetu ni hezi 50, ila Japani nchi imegawanyika, upande wa Tokyo 50 na upande wa magharibi 60, na Tsumago iko kwenye 60. Mi jioni ya kwanza nilishuti 1/50 kama vile niko Mwanjelwa pale Mbeya, taa zikatoa mistari inayotembea juu chini, nikaja kuiona usiku kwenye laptop, nikaumia sana maana ndo saa nzuri kuliko zote: kama saa moja na robo hivi, jua limezama, anga la bluu, taa zinawaka, watalii wa mchana wameshaondoka na basi. Weka 1/60 au 1/120. Na kama unataka hiyo saa, lala hapo hapo mjini.

Kulinda kamera usinunue makorokoro ya bei. Kofia ya plastiki ya saluni, ile ya kuvaa ukiwa na dawa kichwani, inatosha kabisa kwenye bodi, unaifunga na mpira wa kufungia hela. Hudi ya lenzi, kile kikombe cha mbele, usiitoe, na vitambaa vya kufutia beba vitatu vinne, kimoja kikilowa hakifuti tena kinapaka. Ukungu wa lenzi ndo adui mkubwa. Mnaoshuka Kyela asubuhi kutoka Tukuyu mnaujua, kamera ina baridi, joto la chini linaipiga, lenzi inakuwa maziwa. Kule ni hivyo hivyo ukitoka chumba chenye AC. Iache kwenye begi limefungwa nusu saa izoee hewa, usifute futa.

Sauti rekodi peke yake, simu inatosha, simama chini ya paa lao la mbele lililotokeza. Usirekodi chini ya mwavuli, utapata tatata tatata tu. Sisi wa mabati tumezoea mvua inayopiga kelele mpaka mwalimu anaacha kufundisha, kule zipo paa za vigae na mbao, mvua inanong'ona, maji yanadondoka ukingoni tone moja moja, sauti hiyo ndo inabeba nusu ya video.

Stendi ya miguu mitatu usiitandaze katikati ya njia, ni nyembamba na watu wanaishi mle. Usishuti ndani ya nyumba ya mtu bila kuomba. Na beba soksi kavu kwenye begi la kamera, kule kila ukiingia nyumba ya wageni unavua viatu, mi niliacha nyayo za maji kwenye mikeka yao mama mwenye nyumba akanifuata nyuma na kitambaa bila kusema neno.