Umenunua kifaa cha zamani hukijui ni cha nini? Usikipige grenda kwanza

Wale mnaopitaga kwenye vyuma chakavu Mwanjelwa au Makambako mnaijua hii, turubai limejaa spana, tupa zilizoisha, patasi bila mipini, halafu katikati kuna dude ambalo hata muuzaji halijui, anakwambia tu "hiyo ya wazungu hiyo, lete buku tano". Nunua kama mfuko unaruhusu. Ila nakuomba sana usilifikishe home ukalipiga grenda ling'ae, maana chini ya kutu ndo kuna jina, namba na alama za kazi liliyokuwa linafanya, grenda ikipita hapo vimeenda na havirudi.

Anza kwa kulishika tu. Tafuta mkono ulikuwa unakaa wapi, wapi pamelika, wapi pamelainika. Kichwa kikiwa kimechanuka pembeni kama uyoga ujue kilikuwa kinagongwa na nyundo, kikiwa kisafi basi hakikugongwa hata kama kinafanana na tindo. Kisu kirefu chenye mpini kila upande ni cha kuvuta kuja kwako, cha kuchongea mipini ya majembe na miguu ya viti. Sehemu inayoonekana kama inacheza lakini imeganda itie mafuta ya taa, iache hadi kesho, usilazimishe na nyundo.

Kuna kimoja kinauzwaga kama praizi mbovu. Ukikiminya, midomo haishiki kitu, bali kapini kadogo kanatoka mbele na kugonga kigurudumu, na kwenye kile kigurudumu pembeni kuna namba, mara nyingi 4 hadi 12. Hiyo sio praizi jamani, ni ya kupangia meno ya msumeno! Unaingiza jino moja linalazwa kidogo nje, linalofuata unaliruka, ukimaliza unageuza msumeno unalaza yale uliyoyaruka, ndo maana msumeno uliopangwa vizuri haubani kwenye ubao. Namba zinaendana na meno kwenye inchi moja, meno makubwa namba ndogo. Kwa watu wa mbao wa Mufindi na Njombe hicho ni kifaa cha kufanyia kazi kabisa, sio pambo.

Kusoma maandishi: sugua taratibu na mswaki wa zamani na mafuta ya taa, futa, pakaza chaki nyeupe halafu futa juu juu ili ibaki kwenye mashimo ya herufi, kisha mulika tochi ya simu kutokea pembeni. Piga picha na rula ikiwa pembeni.

Sheffield ni Uingereza, mji wa chuma. D.R.G.M. ni usajili wa Ujerumani ulioanza 1891, ila usirukie kusema kimeachwa na Wajerumani wa kabla ya vita ya kwanza ya dunia, vifaa vya kwao viliendelea kuja miaka mingi baadaye. Ikiandikwa West Germany ni kati ya 1949 na 1990. Alama ya mshale mfupi wenye mistari mitatu inayokutana juu ni mali ya serikali ya Uingereza, mara nyingi jeshi. Ukiona PAT na namba, hiyo ni patent, yaani hati ya mtu aliyebuni kifaa, iandike google, hati nyingi za zamani zina mchoro unaoonyesha kifaa kikiwa kazini, bure kabisa.

Spana zenye W (Whitworth, kipimo cha zamani cha bolti za Muingereza) ndo zinawachanganya watu. Imeandikwa 1/2 W, unapima mdomo unakuta kama milimita 23.4, unadhani imepanuka. Haijapanuka, ile 1/2 ni unene wa bolti, sio upana wa mdomo. Usiitupe, mashine za zamani za Muingereza zinaitaka hiyo hiyo.

Maandishi ya Kichina huku Mbeya ni kawaida, Wachina walijenga reli ya TAZARA 1970 hadi 1975. Lakini ikiwa na mhuri wa TAZARA wenyewe, na muuzaji hana karatasi yoyote, iache hapo hapo, hiyo inaweza kukupeleka polisi.

Ukikwama nenda kwa mzee fundi, mpe shikamoo yake, mpe kifaa mkononi na usimtajie unachodhani wewe, maana wazee wengine watakubali tu kwa heshima. Muulize angekifanyia kazi gani. Jibu liandike kwenye kikaratasi ukifunge na waya hapo hapo kwenye kifaa, na pale unapokiuliza tena kwa fundi mwingine ongeza la kwake chini.