SOMO: Rimu za Prado 120 kwenye Land Cruiser 80, pamoja na spesa zake

Swali la kama rimu za Prado zinakaa kwenye Land Cruiser 80 nimelijibu Mwanjelwa, nimelijibu Uyole, nimelijibu kwa simu ugali ukipoa. Naandika mara moja. Ukiniuliza tena nitakurudisha hapa.

Wengi huishia kuhesabu matundu. VX 80 (ndiyo hiyo Land Cruiser) ina sita, PCD, yaani kipenyo cha duara la matundu, milimita 139.7; Prado 120 nayo sita, PCD ileile. Basi, mtu analipa. Kinachomponza ni ofseti: umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Sport rimu (ya aloi) ya 80 ni inchi 16 kwa 8, ofseti 0. Ya Prado ni 17 kwa 7.5, ofseti 30. Piga hesabu: ukingo wa ndani unasogea karibu milimita 24 kuelekea tai rodi na springi, wa nje unazama milimita 36. Gari linakuwa kama mtu mzima aliyevaa viatu vya mtoto. Spesa (bamba linalokaa kati ya habu na rimu) ya milimita 30 inairudisha ofseti kwenye 0. Kazi yake hapa ni hiyo tu: kurudisha tairi pale Toyota walipoiweka. Si kutanua gari ili lipendeze.

Nunua spesa za alumini ya kufua zenye shingo ya milimita 106 inayoikamata rimu katikati. Zile za kuchongesha kwa fundi wa mashine ya kukereza, na zile nyembamba zisizo na stadi (bolti za kufungia nati) zake, sizizungumzii kabisa.

1. Gari mahali tambarare, hendibreki, mawe kwenye matairi. Legeza nati kabla ya kuinua.

2. Jeki, kisha stendi. Toa tairi.

3. Hapa ndipo kazi huharibika. Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Gari la Rungwe lina kutu na udongo uliogandana, na ganda dogo tu linatosha kuipindisha spesa. Ivishe kwa mkono. Ikilegalega au ikigoma, acha, usiivute kwa nati. Funga nati zake, kisha tazama ncha za stadi za gari: je, zinavuka uso wa spesa? Zikivuka hata milimita moja, rimu itakalia ncha hizo badala ya kuikalia spesa. Mkononi utasikia imekaza, na kesho nati zitakuwa zinacheza. Kama una shaka, paka chaki nyuma ya rimu, ifunge, uifungue, uone imefutika wapi. Inatakiwa ifutike duara zima. ONYO: usipake grisi kwenye nyuzi za stadi. Vipimo vya kukaza vimewekwa kwa nyuzi kavu. Zikiwa na mafuta unazivuta kupita kiasi bila kujua.

4. Kaza nati za spesa kwa mpangilio wa nyota, Nm 103 (nyutoni-mita, nguvu ya kukaza inayopimwa kwa toki renchi). Hicho ndicho kipimo cha Toyota kwa sport rimu ya 80. Cha rimu ya chuma ni 147, usivichanganye.

5. Vaa rimu. Nati ziwe zile za Prado zenyewe, zenye shingo na washa bapa. Nati za koni zinagusa ukingo wa tundu tu na kuutafuna.

6. Tembea kilomita 50 hadi 100, kisha TOA RIMU ukaze upya nati za spesa zilizo ndani. Ukikaza za nje peke yake, hujafanya kitu.

Tairi: 265/65R17 ya Prado ni fupi kwa milimita 15 kuliko 275/70R16 ya 80. Mimi naweka 265/70R17.

MASWALI

Chuma Chakavu: Mkuu, kwa hiyo rimu za Prado zinaingia kwenye VX?

Soma kichwa cha habari.

Mzee wa Mbalizi: Nina rimu za V8, ni kali. Nitafute spesa za aina gani?

Hizo ni matundu matano, PCD 150. Ziuze, mzee wangu.

Kijana wa Soweto: Mimi nimeweka spesa kwenye rimu zilezile za 80, mwaka wa pili huu, sijaona tatizo. Unatutisha.

Kama ni spesa ya 30, ofseti yako sasa ni hasi 30. Beringi za mbele zinabeba mzigo usio wao, na usukani unavutwa kila unapokanyaga shimo. Endelea kutoona.

Dada wa Chimala: Shikamoo fundi. Hapo ndipo nilipotaka kuuliza: kama spesa inaumiza beringi, mbona kwa rimu za Prado unairuhusu?

Marahaba. Swali zuri sana hili. Beringi haijui kama kuna spesa. Inachojua ni mstari wa katikati ya tairi uko umbali gani nayo. Rimu ya Prado imeuingiza mstari huo ndani milimita 30, spesa imeutoa 30, umerudi palepale. Ukingo wa nje bado uko ndani kwa milimita 6 kuliko wa kiwandani, kwa hiyo hata madigadi hayaguswi. Na kwa kuwa unapanda zile kona za Hamsini na Saba kwenda Matamba: ukishuka, usikaze nati habu zikiwa za moto. Subiri zipoe.

Ndaga Fijo: Patrol Y60 je? Nayo ni sita, 139.7.

Stadi za Nissan ni M12 (unene milimita 12), nafasi kati ya nyuzi milimita 1.25, za Toyota ni 1.5. Nati ya Toyota itaanza kuingia vizuri, halafu itazila nyuzi. Tundu la katikati nalo la Patrol ni 110, si 106. Hapana.

Mkulima wa Igawilo: Spea yangu ni ya chuma, inchi 16. Nifanyeje nikipata pancha?

Tembea na nati sita za koni, maana nati za Prado hazifungi rimu hiyo. Toa spesa pia, la sivyo tairi itachomoza. Bora zaidi nunua rimu ya tano.

Chuma Chakavu: Na kama sina toki renchi?

Sasa umeuliza. Wili spana iliyolala sawa, pima nusu mita kutoka katikati ya nati, ning'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Ni kilo 21 pamoja na ndoo, sawa na Nm 103. Iteremshe polepole, usiirushe.

Chuma Chakavu: Ndoo ikiwa na mfuniko?

Toa mfuniko.