SOMO: Kutoka Mhandisi Mhitimu hadi Mhandisi Mtaalamu (soma hapa kabla hujanipigia simu)

Wakuu, habari za jioni. Wiki hii peke yake vijana wanne wamenipigia kwa swali lile lile: "Kaka, nina miaka mitatu kazini, mbona bado naitwa mhitimu?" Naandika mara moja, basi. Niko Moshi, kazi yangu barabara na makalavati, kwa hiyo mifano itakuwa ya zege na tope. Wa umeme na mitambo geuzeni wenyewe.

1. Ukishapata cheti cha shahada, jisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) kama Mhandisi Mhitimu. Usingoje ajira. Kwa sheria ya mwaka 1997, kufanya kazi ya uhandisi bila usajili ni kosa.

2. Omba SEAP, mpango wa Bodi wa mafunzo kwa vitendo ulioanza 2003. Ni wa miaka mitatu. Ukikosa nafasi, fanya kazi yako kama kawaida, ila juu yako awepo mhandisi mtaalamu anayekuona ukifanya.

3. Muulize msimamizi wako namba yake ya usajili. Usione haya. Wapo mabosi wanaoitwa "injinia" saiti nzima na hawajawahi kusajiliwa.

4. Logibuku, yaani kitabu cha kumbukumbu za kazi yako ya kila siku kinachosainiwa na msimamizi. Hapa tutulie, maana hapa ndipo nilipoanguka.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa kwenye kalavati huko Kibosho, mvua za masika, tunatoka saiti saa moja usiku. Nikajiambia nitajaza Jumapili. Jumapili ikawa mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi ukawa "mradi ukiisha". Mradi haujaisha, msimamizi wangu akapata kazi Songea, akaondoka ndani ya wiki moja. Nikakesha usiku mmoja, nikajaza miezi kumi na moja kwa peni moja ya bluu, nikampelekea msimamizi mpya asaini. Yule mzee alifunua kurasa sita hivi, akapitisha kidole kwenye mwandiko, akaniuliza, "Tarehe 14 Aprili hali ya hewa ilikuwaje?" Nikakaa kimya. Hakusaini, na alikuwa na haki. Nikaanza upya kuhesabu.

Kwa hiyo:
- Jaza siku ile ile, hata mistari mitatu.
- Saini ichukuliwe kila robo mwaka, usilimbikize. Msimamizi akianza kuaga watu, kimbia na kitabu siku hiyo hiyo.
- Andika namba. "Tulikagua zege" si kitu. "Slampu 170, ilitakiwa 75" ni kitu (slampu ni kipimo cha ulaini wa zege bichi, kwa milimita: ikizidi, zege lina maji mengi).

5. Ripoti ya kazi zako, unayoipeleka Bodi kuomba uhandisi mtaalamu. Kosa langu la pili, ndugu wa lile la kwanza. Rasimu yangu ilikuwa tulichimba, tulisuka nondo, tulimwaga. Mzee yule yule akaisoma, akaniuliza: "Na wewe ulikuwa wapi?"

Hiyo slampu ya 170 ni kisa cha kweli. Fundi wa mikseta alikuwa anaongeza maji ili zege liteleze, vibarua wasichoke. Bosi hayupo. Nikapima kwa koni, nikaona linavyomwagika kama uji, nikaamuru lile zungu lote (mchanganyiko wa mikseta wa mara moja) litupwe. Nyapara alinitukana mpaka kwa Kichaga. Niliyewajibika nalo ni mimi, na mazungu yaliyofuata nilisimama hapo hapo kwenye mikseta. Kyubu za mazungu hayo, yaani vipande vya zege vya kupimia nguvu, zilipovunjwa siku ya 28 zilitoa nguvu ya 27 N/mm², tulihitaji 25. Na hilo halikuwemo kwenye rasimu yangu hata kidogo! Nilikuwa nimeandika urefu wa kalavati na jina la mkandarasi. Bodi haitaki historia ya mradi. Inataka kujua uliamua nini, kwa sababu gani, na ungekosea nani angeumia.

6. Usaili wa Bodi. Watakuuliza yaliyo kwenye ripoti yako. Usiandike usichokijua.

7. Ukipita, kuna kiapo cha maadili. Baada ya hapo endelea kuhudhuria mafunzo, usajili hauishi kwenye cheti ukutani.

---

Nondo16: Mkuu naomba unitumie ripoti yako nifuate muundo.

Mwandishi: Hapana. Soma namba 5.

Nondo16: Muundo tu mkuu, sio maneno.

Mwandishi: Muundo ndio huo: nilikuta nini, niliamua nini, kikatokea nini. Umeshaupata.

Mama Junior: Shikamoo kaka. Mimi ni wa mitambo, niko kwenye matengenezo kiwandani. Hatujengi kitu, tunatengeneza vilivyoharibika. Nitaandika nini? Kuna pampu moja ilikuwa inakula sili (kile kizuia uvujaji kwenye shafti) kila wiki sita, nikagundua shafti yake na ya mota haziko kwenye mstari mmoja, nikazipanga upya. Ni jambo dogo.

Mwandishi: Marahaba dada. Hilo si dogo hata kidogo, wenzako wote walikuwa wanabadilisha sili, wewe ukauliza kwa nini inakufa. Andika ulipimaje, kwa kifaa gani, tofauti ilikuwa milimita ngapi kabla na baada. Andika ulikataa nini: labda kuna aliyetaka inunuliwe pampu mpya. Weka na tarehe za sili tano za nyuma kutoka kwenye kitabu cha stoo, kisha zilizofuata. Hiyo inatosha kuwa kiini cha ripoti nzima. Na fuatilia SEAP, Norway imewahi kufadhili wahitimu wa kike humo.

Mama Junior: Aliyetaka pampu mpya ni bosi 😂 Asante kaka.

Mtu wa Ngarenaro: Mimi nimeshalipa IET, kwa hiyo tayari nimesajiliwa au?

Mwandishi: Hapana. IET ni Taasisi ya Wahandisi Tanzania, chama chetu, cha tangu 1975. Unajiunga kwa hiari. Usajili wa kisheria ni wa Bodi. Na msichanganye na IET ya Uingereza, hiyo ni nyingine kabisa.

Kijana wa Sakina: Hapo hapo kaka. Nasikia kuna CEng (Chartered Engineer), cheo cha mhandisi mtaalamu cha Uingereza, inafaa ukitaka kazi za nje. Inapatikana ukiwa Arusha?

Mwandishi: Swali zuri. Inapatikana, si lazima uishi kule. Daftari lenyewe ni la Engineering Council, lakini huombi kwao moja kwa moja, unapitia taasisi ya fani yako. Sisi wa ujenzi tuna ICE, ya tangu 1818, wa mitambo wana IMechE. Wanakupima maeneo matano: maarifa, kubuni na kutatua matatizo, uwajibikaji na uongozi, mawasiliano, na maadili ya kazi. Kiwango cha elimu wanachokitazamia ni cha shahada ya uzamili, wenye ya kwanza tu huonyesha wamejifunza zaidi. Na haikuondolei Bodi: ukifanya kazi hapa, sheria ya hapa. Ila logibuku yako ile ile itakufaa kote kuwili.

Fundi Sanifu ATC: Sisi wa diploma tumesahaulika?

Mwandishi: Hamjasahaulika, mafundi sanifu nao wana daraja lao Bodi. Sikuligusa kwa kuwa sijalipitia mwenyewe. Aliyepita aandike somo.

Jembe la Usa: Mtu akijaza miaka miwili ya nyuma kwa peni tofauti tofauti si inapita?

Mwandishi: Umesoma namba 4 au umeruka? Kuna siku utasaini mchoro wa ghorofa atakayolala mama yako. Sijibu tena hili.

Mama Junior: Peni za kawaida huku kwenye mvuke zinachuruzika. Mnatumia nini?

Mwandishi: Saiti natumia penseli na kijitabu kidogo nakifunga kwenye mfuko wa nailoni, jioni nahamishia kwa wino.

Kijana wa Sakina: Si uandike tu kwenye simu?

Mwandishi: Ya kwangu iko mtoni Weruweru, chini ya daraja, na picha zote za kyubu.