Jinsi ya kusoma idadi ya wapiga kura wa mchujo kabla hujaipeleka hewani

Kila Wamarekani wanapoingia kwenye kura za mchujo, zile za kuteua wagombea wa vyama kabla ya uchaguzi mkuu, na kila vyama vyetu vinapofanya kura za maoni, sentensi ileile hurudi kwenye vyumba vya habari hapa Dar: "Watu wamejitokeza kwa wingi, ishara kwamba wapiga kura wana hamasa." Kazi yangu ni kuandaa takwimu za uchaguzi kwa kipindi cha asubuhi cha redio, na sentensi hiyo nimeizuia mara nyingi. Si kwamba ni uongo. Wingi wa watu kwenye mchujo hupima mambo kadhaa kwa mkupuo, na hamasa ni mojawapo tu. Ukitaka kuiona, toa mengine kwanza.

Utahitaji jedwali la Excel, matokeo rasmi (kwa Marekani yapo kwenye tovuti za mamlaka za uchaguzi za kila jimbo), na utulivu wa kama saa moja.

Hatua ya 1: Gawanya kwa idadi inayostahili

Chukua Texas. Mchujo wa chama cha Democratic wa Machi 2002 ulipata wapiga kura milioni 1 na kidogo. Ule wa Machi 2018 nao ukapata milioni 1 na kidogo. Ukiishia hapo utasema hakuna kilichobadilika. Lakini waliojiandikisha Texas mwaka 2002 walikuwa milioni 12 na ushei, na 2018 wakafika milioni 15 na ushei. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ni kama asilimia 8 ya daftari, wa pili haufiki 7. Namba hizi ziweke pembeni, tutazihitaji hatua ya 3.

Kwenye jedwali fungua safu tatu: kura zilizopigwa, waliojiandikisha, na watu wazima wenye sifa ya kupiga kura. Mimi huamini zaidi uwiano wa safu ya kwanza na ya tatu. Daftari huvimba na kupungua kwa sababu za kiutawala. Likisafishwa majina ya marehemu na waliohama, asilimia inapanda bila hata mtu mmoja wa ziada kutoka nyumbani kwake. Hapa kwetu daftari lilitoka watu milioni 23 mwaka 2015 hadi karibu milioni 30 mwaka 2020. Anayelinganisha asilimia za miaka hiyo miwili bila kulitaja hilo anaficha jambo.

Hatua ya 2: Nani aliruhusiwa kupiga?

Florida mchujo ni wa waliojiandikisha kama wanachama wa chama husika peke yao. Texas hakuna kujiandikisha kwa chama. Mtu anafika na kuchagua karatasi ya chama anachotaka siku hiyohiyo. Washington tangu 2008, na California tangu 2012, ukiacha mchujo wa urais, wagombea wa vyama vyote wanakaa kwenye karatasi moja na wawili wa juu ndio wanaosonga mbele. Mfumo huu wa mwisho ndio unaotoa ishara nzuri kuliko yote, kwa kuwa unaona pande zote zikipimwa kwa mzani mmoja.

Sasa rudi nyumbani. Mwaka 2010 na 2015 wanachama wa kawaida wa CCM walipiga kura za maoni kwenye matawi yao. Mwaka 2020 waliopiga ni wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo. Ukumbi ukijaa wajumbe umepima mahudhurio ya kikao, hujapima ari ya mkazi wa Temeke au Ubungo. Na hata wanachama wote wakiruhusiwa, usikimbilie hitimisho. Utaratibu ulikuwa uleule 2010 na 2015, lakini kwenye uchaguzi mkuu waliojitokeza walikuwa asilimia 43 mwaka 2010, wakapanda hadi 67 mwaka 2015. Tofauti kubwa ilikuwa nje ya mchujo: Rais Kikwete alikuwa anaondoka, Lowassa jina lake likakatwa na CCM Dodoma, akahamia Chadema akiwa na Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, nyuma yake.

Kuna namba nyingine inayopenda kujifanya hamasa ya wapiga kura. Mwaka 2020 zaidi ya watu 10,000 walichukua fomu kupitia CCM kuomba ubunge na uwakilishi, viti maalumu vikiwemo. Vijiwe vya kahawa Kariakoo havikuwa na habari nyingine. Oktoba ilipofika, waliopiga kura walikuwa asilimia 50.7 ya waliojiandikisha. Foleni ya wachukua fomu ni hamasa ya wagombea.

Hatua ya 3: Pima ushindani wa ndani, pande zote mbili

Hapa ndipo kazi ilipo. Uwanja wa Mkapa ukijaa siku ya Simba na Yanga, umejua kwamba ni Simba na Yanga. Bingwa wa ligi hujamjua. Mchujo ni hivyohivyo: watu hufuata pambano.

Turudi Texas. Mwaka 2002, upande wa Democratic kulikuwa na mpambano wa kugombea ugavana kati ya Tony Sanchez na Dan Morales, wote watu wenye majina. Upande wa Republican, Rick Perry hakuwa na mpinzani. Matokeo yake Democratic wakapata wapiga mchujo milioni 1, Republican laki 6 na ushei. Ukiwa mchambuzi wa haraka ungetangaza kwamba Texas inageuka. Novemba, kwenye uchaguzi mkuu, Perry alimshinda Sanchez kwa karibu asilimia 58 kwa 40.

Mwaka 2018 Democratic walipata milioni 1 tena, huku Republican wakiwapita kwa karibu nusu milioni. Kwa macho hali ni mbaya kuliko 2002. Lakini tazama kilichowavuta watu: Beto O'Rourke, aliyekuwa akiwania useneta, hakuwa na mpinzani mzito kwenye mchujo, na mbio za ugavana za chama hicho hazikuwa na moto. Watu wakaja hata hivyo, karibu mara mbili ya waliokuja 2014. Novemba O'Rourke alishindwa na Ted Cruz kwa chini ya pointi 3. Milioni moja ya 2002 ilikuwa imefuata pambano. Ya 2018 ilikuja bila kuvutwa na pambano kubwa, na hiyo ndiyo hamasa tunayoitafuta.

Kwa hiyo, pembeni ya kila upande andika alama kutoka 0 hadi 3: 0 ni mgombea asiye na mpinzani, 3 ni wawili wanaokabana hadi mwisho. Idadi ikipanda pamoja na alama, usiseme lolote kuhusu hamasa. Ikipanda wakati alama ni 0 au 1, hapo simama usome vizuri.

Kosa la upande wa pili ni kudhani kwamba mchujo mkimya ni dalili ya chama kilichochoka. Mwaka 2012 Obama alikuwa rais aliyepo madarakani, bila mpinzani wa maana. Mchujo wa Republican ulivuta karibu watu milioni 19, wa Democratic haukufika milioni 10, na Obama akashinda. Mwaka 1988 mchujo wa Democratic ulikuwa na watu karibu milioni 23 dhidi ya milioni 12 za Republican, kisha George H. W. Bush akachukua majimbo 40.

Wapo watakaokutajia 2008, Obama na Clinton, zaidi ya milioni 35 kwenye mchujo na ushindi Novemba. Waambie sawa, halafu waoneshe 1988.

Hatua ya 4: Angalia karatasi yote ya kura

Agosti 2, 2022, Kansas ilifanya mchujo, na kwenye karatasi hiyohiyo kulikuwa na swali la kubadili katiba ya jimbo kuhusu utoaji mimba. Karibu nusu ya waliojiandikisha walijitokeza, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa mchujo wa Agosti. Swali hilo lilipata kura zaidi ya 900,000, na waliosema Hapana walikuwa asilimia 59. Ukijumlisha kura za mchujo wa ugavana za vyama vyote viwili, hazifiki 800,000. Maana yake kuna umati uliokuja kwa ajili ya swali peke yake, haukuwa na habari na wagombea.

Hamasa ilikuwepo, tena kubwa, ila haikuwa mali ya chama. Novemba ileile gavana Laura Kelly wa Democratic alipita kwa tofauti ya kama pointi 2, na seneta Jerry Moran wa Republican akapita kwa zaidi ya 20.

Hatua ya 5: Ni wapya kweli?

Marekani kumbukumbu za nani alipiga kura lini ni za wazi katika majimbo mengi, na mara nyingi pia alichukua karatasi ya chama gani (alimpigia nani ni siri). Ukipata uchambuzi uliotumia kumbukumbu hizo, tafuta kitu kimoja: hawa "wapya" hawajawahi kupiga kura yoyote, au hawakuwa na desturi ya kupiga za mchujo tu? Mara nyingi ni kundi la pili, watu ambao Novemba wapo kila mwaka. Hao hawaongezi kura. Wamejitokeza mapema tu.

Kwa kura za maoni za vyama vyetu usipoteze muda na hatua hii. Kumbukumbu za aina hiyo huwezi kuzipata.

Hatua ya 6: Linganisha mwaka na mwenzake

Mchujo wa mwaka wa urais linganisha na wa urais, wa katikati ya muhula (miaka miwili baada ya uchaguzi wa rais) na wa katikati ya muhula. Angalia kama tarehe ilihamishwa au kura za posta ziliongezwa. 2020 na korona yake iwekee alama nyekundu. Michujo ya katikati ya muhula ndiyo husema zaidi, kwa kuwa haina pambano la urais la kuwavuta watu. Mwaka 2018 upande wa Democratic ulipanda kwenye michujo ya Baraza la Wawakilishi nchi nzima, siyo Texas tu, na Novemba nusu ya wenye sifa walipiga kura, kiwango ambacho uchaguzi wa aina hiyo haukuwa umekifikia tangu 1914. Chama hicho kikaongeza viti 40.

Hatua ya 7: Andika sentensi ya hewani

Usiandike "Idadi kubwa inaonesha hamasa". Andika hivi: "Waliojitokeza wameongezeka ikilinganishwa na mchujo kama huu miaka minne iliyopita, ingawa safari hii hapakuwa na mpambano mkubwa." Au kinyume chake: "Waliojitokeza wameongezeka, na mbio zilikuwa kali, bado hatujui wangapi watarudi Novemba."

Mhariri atalalamika kwamba ni ndefu. Mwache akate anachotaka, isipokuwa "ikilinganishwa na" na kile kipande cha ushindani. Akivigusa hivyo, mwombe aondoe sentensi yote na abakize namba zenyewe.