Kupima athari za viuatilifu kwa wapulizaji wa tumbaku: usianze umechelewa

Juzi nilimsaidia mtaalamu mpya wa afya kazini huku Urambo. Nimeona niandike tulivyofanya.

1. Ione chupa. Kipimo cha kolinesterasi kwenye damu (kimeng'enya cha mishipa ya fahamu ambacho dawa hizi hukizuia, kikasomeka kimeshuka) kinafaa kwa dawa za jamii ya organofosfeti, kama profenofosi, na za kabameti. Imidaklopridi, ambayo ni dawa ya jamii nyingine, haitaonekana. Kibarua akisema "nimepiga dawa", mwombe chupa usome lebo.

2. Kipimo cha msingi, yaani kile cha kabla mtu hajagusa dawa, ambacho vya baadaye vinalinganishwa nacho. Hapa nilipoteza msimu mzima. Nilipima Oktoba, nikijua miche haijahamishiwa shambani. Kumbe vitalu vilikuwa vinapigwa dawa tangu Septemba. Januari nikapima tena, tofauti ikawa ndogo, nikaandika "hali shwari". Kumbe kipimo changu cha msingi chenyewe kilikuwa kimeshashuka. Mmoja wa wapulizaji alikuwa amenieleza kwamba kila akishusha bomba macho yanaona ukungu, na shati lake lilikuwa limelowa mgongoni pale bomba linapovuja. Niliiamini karatasi yangu kuliko yeye.

Kwa hiyo mtu awe hajagusa dawa siku 30 angalau. Kwetu napima Julai, tumbaku ikiwa sokoni. Hata hapo uliza: ana bustani ya nyanya? Amepuliza pamba ya shemeji yake Igunga? Pima mara mbili, siku chache zikipita katikati, uchukue wastani. Usitegemee "kiwango cha kawaida" cha kijitabu cha mashine. Watu wanatofautiana mno. Mtu anaweza kupoteza theluthi na bado akasomeka mzima.

3. Kidole. Sabuni na maji mengi, kisha spiriti, kikauke. Dawa iliyobaki kwenye ngozi ikiingia kwenye tone la damu inashusha jibu. Kaa kivulini. Mimi napima kolinesterasi ya seli nyekundu za damu pamoja na hemoglobini, maana malaria huku inapunguza damu. Vitambaa vya kubandika kwenye nguo vinaonyesha kilichomwagikia mtu. Mimi nataka kilichomwingia.

4. Hesabu. Msingi 30, leo 20: amebaki na asilimia 67, yaani ameshuka 33. Akishuka asilimia 20, kagua bomba, glavu na nguo. Akishuka 30, asiguse dawa mpaka arudi asilimia 80 ya msingi wake.

5. Wakati wa kuvuna. Anatapika na kolinesterasi haijashuka? Usimwambie hana kitu. Muulize kama alichuma majani yenye umande. Nikotini ya majani hayo hupenya kwenye ngozi na kumtapisha mtu, na haishushi kolinesterasi.