Kuotesha nanowaya za oksidi ya zinki kwa seli za sola

Juzi mwanafunzi wa uzamili aliniletea vioo vyenye unga mweupe unaobanduka kwa kidole, akidai kauziwa nitrati ya zinki feki. Nitrati haikuwa na kosa. Mbegu, yaani fuwele ndogo sana za oksidi ya zinki ambazo waya huota juu yake, ndizo hazikushika. Utaratibu ni huu, kwa seli za sola zinazotumia rangi, zile ambazo kundi la Peidong Yang kule Berkeley lilizitengeneza kwa nanowaya (waya nyembamba mno zisizoonekana kwa macho) mwaka 2005 likapata ufanisi wa 1.5%. Ni kidogo, ila uoteshaji hautaki dhahabu wala mitungi ya gesi.

1. Safisha kioo cha FTO, yaani kioo kilichopakwa upande mmoja oksidi ya bati yenye florini inayopitisha umeme. Tafuta kwa multimita upande unaopitisha umeme, uweke alama nyuma.

2. Mbegu. Yeyusha gramu 0.11 za asetati ya zinki dihaidreti kwenye mililita 100 za ethanoli. Tumia ethanoli ya maabara, spiriti ya duka la dawa ina maji mengi. Tonesha mpaka uso wote ulowe, subiri sekunde 10, suuza kwa ethanoli safi, kausha kwa hewa kavu. Rudia mara 3 hadi 5. Wengi huruka kusuuza wakidhani wanapoteza mbegu. Kinachobaki ni mabonge, na juu ya bonge waya huota kila upande kama nywele zisizochanwa. Kisha choma kwa nyuzijoto 350 kwa dakika 20. Usiamini namba iliyo kwenye mlango wa tanuri, weka kipimajoto cha waya kando ya kioo chenyewe. Kikipoa, rudia yote tangu kutonesha. Kioo chenye mbegu nzuri hakitofautiani kwa macho na kioo kitupu. Ukiona weupe, usiendelee: siki huyeyusha oksidi ya zinki na FTO haidhuriki, kwa hiyo kioshe uanze upya.

3. Kuotesha. Maji yaliyokenekwa mililita 100, nitrati ya zinki heksahaidreti gramu 0.74, heksamini gramu 0.35. Heksamini huachia amonia taratibu, ndiyo maana siwashauri wanaoanza kumimina amonia moja kwa moja. Egemeza kioo, uso wenye mbegu ukitazama chini, ili unga unaojitengeneza majini uangukie mgongoni. Funika, weka kwenye oveni ya nyuzijoto 90. Hotipleti siitaki: inachemsha kitako na kujaza viputo chini ya kioo. Baada ya saa 2 hadi 3 zinki majini inakuwa imepungua sana. Ukitaka waya ndefu zaidi, mwaga maji yote uweke mchanganyiko mpya. Fungulia chombo ndani ya kabati la kuvuta hewa, kuna fomaldehaidi, gesi ya sumu itokayo kwenye heksamini.

4. Suuza, choma kwa nyuzijoto 400 nusu saa.

5. Lowesha kioo kwenye rangi ya N719, rangi ya rutheni inayonasa mwanga, takriban saa moja. Waliozoea oksidi ya titani hulaza kioo humo usiku kucha. Hapa usithubutu: rangi hiyo ina asidi, inakula zinki na kuacha utando unaonasa mwanga bila kutoa umeme.