Kumpeleka Bibi Kufanyiwa Upasuaji wa Kope

Katika vijiji vya Kongwa, Chamwino na Bahi, wilaya za mkoa wa Dodoma, Tanzania, bibi anayepangusa jicho kwa pindo la khanga kutwa nzima husemwa kuwa ni uzee tu. Kabla ya kukubali maneno hayo, mketishe akielekea mwanga, mwambie atazame mbele, kisha mmulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Ukiona nywele za kope zimepinda na kugusa jicho, hata kama ni moja, anapaswa kuonwa na mtaalamu wa macho. Tafuta pia vishina vya nywele zilizong'olewa, kwa maana bibi mwenye kibano cha kung'olea kope anaweza asionekane na nywele siku hiyo, nazo zitaota tena baada ya majuma machache.

Chanzo ni vikope, yaani trakoma, maambukizi ya bakteria yanayomrudia mtu tangu utotoni hadi upande wa ndani wa kope ukajaa makovu na kujikunja. Wanawake huathirika zaidi, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto wadogo. Utafiti wa vijiji vya Kongwa uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walipata vikope vikali kwa uchache zaidi. Kwa hiyo wajukuu nao wanawishwe.

Kibano chenyewe si cha kudharauliwa. Katika utafiti wa Ethiopia wa mwaka 2011, uliohusu wagonjwa wenye nywele zisizofika sita zinazogusa jicho, waliong'oa walirudiwa na tatizo kuliko waliopasuliwa, lakini baada ya miaka miwili uwezo wao wa kuona haukutofautiana. Hata hivyo, hao walipewa vibano bora na kung'olewa na mtu mwenye macho mazuri. Kibano butu hukata nywele tu, na kishina kinachobaki huendelea kukwaruza kioo cha jicho.

Bibi akikubali upasuaji, mweleze ukweli: maumivu ya kukwaruzwa yatapungua, ila nuru iliyokwisha kupotea kwa makovu ya kioo cha jicho hairudishwi na upasuaji huu. Mwambie pia kwamba atachomwa sindano ya ganzi kwenye kope, na hiyo ndiyo itakayomuuma. Baada ya hapo mpasuaji hukata kope, huugeuza ukingo wake utazame nje, na kuushona. Jicho hufungwa bandeji hadi kesho yake, hivyo tafuta mahali pa kulala karibu kuliko kumpakia kwenye bodaboda jioni ile katika vumbi letu. Muulize mhudumu kuhusu azithromaisini, dawa ya kuua bakteria, kwa kuwa utafiti mwingine wa Ethiopia, wa mwaka 2006, ulikuta dozi moja baada ya upasuaji ilipunguza kurudi kwa tatizo kwa takriban theluthi moja katika mwaka wa kwanza, ikilinganishwa na mafuta ya tetrasaiklini.

Nyuzi za hariri hutolewa baada ya wiki moja hadi mbili, na hapo ndipo familia nyingi huhesabu kazi imekwisha, ilhali nywele zinaweza kurudi. Arudi kupimwa kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Akipasuliwa Juni, baada ya mavuno, mpeleke Septemba, kabla watu hawajaanza kuandaa mashamba kwa mvua za Desemba, na siku hiyo kibano kibaki nyumbani.